Mwanafunzi ana uhuru gani wa kusema shuleni? Swali linalowahusu wazazi na walimu wa Lamu

ASUBUHI ya Aprili 10, 2025, wanafunzi wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere walifika jukwaani katika Shule ya Wasichana ya Kirobon, Kaunti ya Nakuru, wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka bila ya kuigiza tamthilia waliyokuwa wameileta. Nje ya ukumbi, maafisa wa polisi walitumia vitoa machozi kuwatawanya wananchi na waandishi wa habari waliotaka kuwatazama.

Tamthilia hiyo, Echoes of War, iliandikwa na aliyekuwa Seneta wa Kakamega, Bw Cleophas Malala, ambaye alikuwa amezuiliwa na polisi alipokuwa akienda kuwaandaa wasichana hao. Wiki moja awali, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu mjini Kisii alikuwa ameagiza kwamba waruhusiwe kushiriki Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu. Amri ya mahakama ilikuwapo, jukwaa lilikuwapo, waigizaji walikuwapo. Hata hivyo, mchezo haukuchezwa.

Butere ni mbali na Lamu. Lakini swali lililoibuliwa na kisa hicho linamhusu kila mzazi mwenye mtoto katika shule ya umma, awe Langoni mjini Lamu, Faza, Kizingitini, Siyu au Mokowe: Je, mtoto huyo anapovaa sare na kuingia darasani, uhuru wake wa kusema hubaki langoni? Na kama anaingia nao, mpaka wake uko wapi?

Makala haya yanajaribu kueleza jinsi sheria inavyosema, jinsi mahakama zilivyoamua, na mahali ambapo mwalimu mkuu ana haki ya kusema "hapana".

Katiba inasema nini?

Kifungu cha 33 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza. Uhuru huo unajumuisha kutafuta, kupokea na kutoa habari au mawazo. Uhuru wa ubunifu wa sanaa. Na uhuru wa kitaaluma. Kifungu hicho kimesema "kila mtu". Hakikusema "kila mtu mzima", wala hakikumtenga mtoto aliye shuleni.

Aidha, Kenya imejifunga kwa mikataba miwili inayomtaja mtoto moja kwa moja. Iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto mnamo 1990, ambao kifungu chake cha 12 kinamtaka mtu mzima ayasikize maoni ya mtoto kulingana na umri na ukomavu wake, na cha 13 kinampa mtoto uhuru wa kujieleza. Kisha mwaka 2000 iliidhinisha Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Maslahi ya Mtoto, ambao nao umeutaja uhuru huo katika kifungu cha 7.

Hata hivyo, uhuru huo si bahari isiyo na ufuo. Katiba yenyewe inataja mambo ambayo hayalindwi: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, na kutetea chuki inayochochea uhasama wa kikabila, inayowadhalilisha wengine au inayotokana na ubaguzi. Isitoshe, kila anayetumia uhuru huu anatakiwa aheshimu haki na heshima ya wenzake.

Mbali na hayo, haki inaweza kuwekewa mipaka chini ya kifungu cha 24. Hapa ndipo walimu wengi na wazazi wengi hukosea. Kifungu hicho hakisemi kwamba mkuu wa taasisi anaweza kuweka mpaka wowote anaoupenda. Kinataka mpaka huo uwe umewekwa na sheria, uwe wa busara, na uweze kutetewa katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia. Tena kinauliza: Je, hapakuwa na njia nyingine, isiyobana sana, ya kufikia lengo lile lile?

Kwa lugha nyepesi, shule inayomnyamazisha mwanafunzi inapaswa kujibu maswali matatu. Ni sheria ipi inayokuruhusu? Ni madhara gani unayoyazuia? Na kwa nini hukuchagua hatua nyepesi zaidi?

Butere kabla ya Butere

Kisa cha 2025 hakikuwa cha kwanza. Mnamo 2013, shule hiyo hiyo iliigiza tamthilia ya Shackles of Doom, iliyoandikwa pia na Bw Malala. Ilisimulia habari za jamii maskini ambayo ardhi yake inagunduliwa kuwa na mafuta, kisha wageni wanakuja na kuyachukua manufaa yote. Wakati huo mafuta yalikuwa yamegunduliwa Turkana mwaka mmoja tu uliotangulia. Tamthilia ilipigwa marufuku kwa madai kwamba ilieneza chuki za kikabila.

Mwanaharakati Okiya Omtatah, ambaye baadaye alichaguliwa Seneta wa Busia, alikwenda mahakamani. Jaji David Majanja aliamua kwamba marufuku hiyo haikuwa halali, na mchezo ukaruhusiwa. Hoja ya jaji ilikuwa kwamba sanaa haikukusudiwa kuifurahisha nafsi tu. Kazi yake pia ni kuichokoza dhamiri ili watu wayatafakari maswali magumu ya wakati wao.

Kwa msomaji wa Lamu, hadithi ya jamii inayoamka siku moja na kukuta mradi mkubwa mlangoni pake si hadithi ya kubuni. Mnamo Machi 2, 2012, Rais Mwai Kibaki, akiwa pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini, alizindua mradi wa LAPSSET katika kaunti hiyo. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilifunguliwa Mei 20, 2021.

Tuchukue basi mfano wa kufikirika. Kikundi cha drama cha shule moja ya visiwani kinaandika mchezo kuhusu mvuvi ambaye maji aliyorithi kwa babu yake yamechimbwa na kufungwa, naye hakuulizwa neno. Mwalimu mkuu anaingiwa na hofu. Anasema mchezo huu ni siasa, na serikali itaudhika. Je, anaweza kuuzuia?

Jibu linaanzia kwenye kumbukumbu za mahakama. Mnamo Aprili 30, 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba wakazi wa Lamu hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi huo, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban Sh1.76 bilioni. Mwaka uliofuata, Juni 26, 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, sababu mojawapo ikiwa ni hiyo hiyo ya wananchi kutoshirikishwa.

Ikiwa majaji wamelisema jambo hilo kwa mihuri yao, ni vigumu kuona jinsi mwanafunzi anayelisema jukwaani atakavyoitwa mchochezi. Kumuudhi mkubwa si kosa katika kifungu cha 33. Mchezo huo huo, lakini, ungebadilika hali yake endapo ungewaita watu wa kabila fulani wadudu na kuwataka wafukuzwe bara. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inatoza faini isiyozidi Sh1 milioni au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki. Katika kaunti ambamo zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na viunga vyake mnamo Juni 2014, hiyo si tahadhari ya bure.

Ipo hoja nyingine inayotolewa na serikali, nayo haifai kupuuzwa. Waziri wa Elimu, Bw Julius Ogamba, alihoji mwaka 2025 ni kwa nini mwanasiasa ambaye si mwalimu anawaandikia na kuwaongoza wanafunzi. Ni kweli kwamba mtoto hapaswi kugeuzwa kuwa kipaza sauti cha mtu mzima. Shule ina haki, na hata wajibu, wa kujua nani anawafunza wanafunzi wake na kwa madhumuni gani. Lakini dawa ya tatizo hilo ni kudhibiti watu wanaoingia shuleni mapema, kwa utaratibu unaojulikana. Kuwapulizia gesi walio ukumbini hakumlindi mtoto yeyote.

Mambo ambayo shule inaweza kuyazuia

Pasiwe na dhana kwamba mwalimu amefungwa mikono. Shule ni mahali pa kazi maalumu, na kazi hiyo ina masharti yake. Yapo mambo ambayo hakuna mahakama itakayomlaumu mwalimu kwa kuyazuia.

Kwanza, wakati na mahali. Mwanafunzi ana haki ya kutoa maoni yake kuhusu chakula cha bweni, lakini hana haki ya kuyatoa kwa sauti kubwa katikati ya somo la hisabati.

Pili, matusi na maneno machafu, pamoja na kumdhulumu mwenzake kwa maneno. Kifungu cha 28 cha Katiba kinalinda heshima ya kila mtu, akiwemo mwanafunzi mnyonge anayetaniwa kwa ulemavu wake, rangi yake, au asili ya wazazi wake.

Tatu, uongo unaoharibu jina la mtu. Ni kweli kwamba mnamo Februari 2017 Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kumharibia mtu jina. Lakini kesi ya madai ingalipo, na nidhamu ya shule ingalipo.

Nne, vitisho na miito ya kuvunja au kuchoma mali. Hapo si suala la maoni tena.

Kinachobaki nje ya orodha hiyo ni kingi. Kuuliza pesa za safari zilikotumika, kusema kwamba maji ya bweni ni ya chumvi, kutofautiana na mwalimu juu ya tafsiri ya shairi, kupeleka ombi la maandishi kwa bodi: yote hayo yamo ndani ya haki. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya umma, na shule ya umma ni mojawapo ya mamlaka hizo.

Nguo na nywele pia husema

Katika sheria, kujieleza si maneno peke yake. Mtu husema pia kwa mavazi yake, na Kenya imeshuhudia kesi kadhaa za aina hiyo.

Visiwani Lamu, ambako wakazi wengi ni Waislamu, hijabu shuleni si jambo la kushangaza. Tatizo humkuta msichana anapopata nafasi katika shule ya bweni ya mbali, ambako sare iliwekwa na watu wa imani nyingine. Mnamo Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa iliamua, katika kesi iliyotokana na shule ya St Paul's Kiwanjani, Isiolo, kwamba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu pamoja na sare. Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo, ila kwa sababu ya utaratibu: majaji wengi waliona kwamba ombi hilo halikuwasilishwa mahakamani kwa njia inayofaa. Waliitaka shule ishauriane na wazazi kuhusu sare, badala ya kutoa kauli ya mwisho juu ya hijabu yenyewe.

Kwa hivyo, anayedai kwamba Mahakama ya Juu ilipiga marufuku hijabu katika shule zote anakosea. Anayedai kwamba iliiruhusu katika shule zote naye anakosea. Jambo hilo bado linategemea kanuni za kila shule na mazungumzo yake na wazazi, chini ya kifungu cha 32 kinacholinda uhuru wa dini.

Uamuzi mwingine ulikuwa wazi zaidi. Mnamo Septemba 13, 2019, Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Shule ya Upili ya Olympic jijini Nairobi ilivunja haki za msichana wa Kirastafari ilipomrudisha nyumbani kwa sababu ya nywele zake za rasta. Naye Mkristo wa Kisabato alipata nafuu mwaka 2017, pale Mahakama ya Rufaa ilipoamua kwamba wanafunzi wa madhehebu hayo wasilazimishwe kusoma siku ya Jumamosi.

Maamuzi hayo yanawalinda walio wachache popote walipo. Mtoto wa Kiislamu aliye Murang'a na mtoto wa Kikristo aliye Lamu, ambaye baba yake ni polisi au mwalimu aliyehamishiwa huko, wanasimama chini ya kifungu kimoja. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mahakama imeongeza kwamba hata nywele zenyewe zina haki.

Lugha ya mama mdomoni mwa mtoto

Upo mpaka mwingine wa kusema ambao hauandikwi katika barua za adhabu, lakini watoto wa Lamu wanaujua. Ni mpaka wa lugha.

Mtoto aliyezaliwa Mkomani au Langoni husema "mato" akimaanisha macho, "moya" akimaanisha moja, "ndia" akimaanisha njia, na humwita mwenzake kwa "ndoo". Mwalimu kutoka bara, aliyejifunza Kiswahili sanifu chuoni, huweza kudhani kwamba mtoto anakosea. Mtihani nao hauna nafasi ya Kiamu. Na katika shule ambazo zimeweka siku za kusema Kiingereza pekee, hata Kiswahili sanifu chenyewe huwa kosa.

Ni ajabu ya aina yake, kwani Kiswahili sanifu kiliamuliwa kijengwe juu ya Kiunguja katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ilhali Kiamu kilikuwa tayari ni lugha ya fasihi ya karne nyingi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir iliandikwa katika lahaja hizo za kaskazini. Mwana Kupona binti Msham alimwandikia binti yake utendi wake takriban mwaka 1858. Huko nyuma zaidi, wakati wa vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu alijibizana na wapinzani wake kwa mashairi. Hivi sasa watoto hao husoma habari za washairi hao vitabuni, huku lugha ya washairi ikisahihishwa kwa wino mwekundu.

Sheria inatofautisha mambo mawili. Shule ina haki ya kufundisha lugha sanifu na kuitahini. Haina haki ya kumpiga au kumfedhehesha mtoto kwa sababu ya lugha ya nyumbani kwao. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaka serikali ilinde wingi wa lugha za Wakenya, na cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza adhabu ya kumuumiza mtoto mwili au kumtesa akili. Mtoto anayevishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema "ndoo" ameonewa kisheria.

Woga wa kuuliza

Katika Lamu lipo jambo jingine ambalo halina budi kutajwa, nalo ni usalama. Tangu 2014 kaunti hiyo imepitia mashambulizi ya Al-Shabaab, amri za kutotoka nje usiku na operesheni za kijeshi katika msitu wa Boni. Shule za jamii ya Waboni, zikiwemo za Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe, zilifungwa kwa muda mrefu kwa sababu ya hali hiyo.

Katika mazingira kama hayo, mwanafunzi huogopa kuuliza na mwalimu huogopa kujibu. Kijana akiuliza darasani kwa nini vijana wenzake wanavutwa na makundi hayo, au kwa nini jirani yake alichukuliwa na maafisa akapotea, huenda akatazamwa kwa jicho la shaka.

Lazima mwalimu atofautishe swali na uchochezi. Kuwaalika wenzako wajiunge na kundi lililopigwa marufuku, au kuwasambazia mafunzo yake, ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012, na mwalimu hana hiari ya kunyamaza. Kuuliza sababu za jambo si kosa. Kijana asiyejibiwa darasani atatafuta jibu kwingine, na huko aendako huenda anayemsubiri ni mtu mbaya.

Simu: shule inaishia wapi?

Zamani mpaka wa shule ulikuwa ukuta au ua wa michongoma. Leo mwanafunzi huandika akiwa nyumbani Jumamosi, na Jumatatu maneno yake yako mikononi mwa mwalimu mkuu.

Shule inaweza kukataza simu ndani ya uwanja wake. Lakini je, inaweza kumwadhibu mwanafunzi kwa alichoandika akiwa nyumbani? Hapa mfano wa Marekani una faida, ingawa haulazimishi mahakama zetu.

Mnamo 1969, katika kesi ya Tinker, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwa kura saba dhidi ya mbili kwamba wanafunzi waliovaa vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita vya Vietnam hawakupaswa kuadhibiwa, kwa sababu masomo hayakuvurugika. Baadaye mahakama hiyo iliongeza mipaka: mwaka 1986 kwa lugha chafu mbele ya mkutano wa wanafunzi, mwaka 1988 kwa magazeti yanayochapishwa na shule yenyewe, na mwaka 2007 kwa bango lililoonekana kusifu dawa za kulevya. Kisha mwaka 2021, kwa kura nane dhidi ya moja, ilisema kwamba shule ilikosea kumwadhibu msichana kwa maneno ya hasira aliyoyatuma kwa simu siku ya mapumziko.

Kinachojitokeza katika kesi zote hizo ni kigezo cha fujo. Kadiri maneno yanavyosemwa mbali na darasa, ndivyo shule inavyotakiwa kuthibitisha kwamba yalivuruga masomo au yalimuumiza mwenzake. Kanuni hiyo inalandana na kifungu chetu cha 24.

Wanafunzi nao wajue kwamba simu ina meno. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inahusu pia vitisho, unyanyasaji na picha za aibu. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto wa miaka 12 na kuendelea anaweza kuwajibishwa kwa kosa la jinai. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Wala shule zenyewe haziko huru kusambaza chochote. Mnamo Septemba 2023, afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi, Roma School, faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi.

Kunyamazisha kuna gharama

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo haya yote yanaharibu adabu. Visiwani, ambako mtoto hufunzwa chuoni na nyumbani kumwamkia mkubwa kwa "shikamoo" kabla ya neno jingine lolote, hoja hiyo ina uzito. Lakini adabu ni namna ya kusema, na haijawahi kuwa amri ya kunyamaza. Washairi wa Lamu waliwakosoa wakubwa wao kwa mafumbo na kwa lugha ya heshima, wakasikizwa.

Gharama ya kunyamazisha tumeshaiona kama taifa. Usiku wa Machi 26, 2001, wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, baada ya wenzao kuliwasha moto. Wimbi la migomo na uchomaji wa mabweni lilirudi mwaka 2008, likarudi 2016, likarudi tena 2021. Majopo yaliundwa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa na kurudiwa ni ukosefu wa njia ya wanafunzi kuwafikia wasimamizi kwa malalamiko yao. Hakuna lalamiko linalohalalisha moto. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa sababu hiyo viranja walioteuliwa na walimu walianza kuachia nafasi mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa kwa kura. Sheria ya Elimu ya Msingi inampa mwakilishi wa baraza hilo nafasi katika bodi ya usimamizi ya shule. Mzazi anaweza kumuuliza mwalimu mkuu swali jepesi tu: Mwakilishi huyo yupo? Huitwa kwenye mikutano? Akisema, huandikwa?

Akiadhibiwa, afanye nini?

Mwanafunzi anapoadhibiwa kwa kusema, hatua za kufuata ni hizi. Mzazi aombe sababu za adhabu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 zinampa haki hiyo. Kisha aombe mtoto asikizwe na bodi. Mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumfukuza mwanafunzi moja kwa moja kwa uamuzi wake peke yake. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeweka utaratibu unaopitia bodi ya shule na bodi ya elimu ya kaunti.

Asiporidhika, lipo Baraza la Rufaa za Elimu lililoundwa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi, ipo Tume ya Haki za Utawala, na ipo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Mahakama Kuu ni mlango wa mwisho. Kwa mzazi wa Kizingitini au Mbwajumwali, mlango huo uko baada ya safari ya mashua, nauli na siku za kazi zilizopotea. Ndiyo maana ni muhimu mambo haya yamalizwe shuleni, mezani, kabla hayajafika huko.

Bodi za shule nazo zingefanya vyema kuziandika kanuni zao upya, kwa Kiswahili ambacho mzazi anakielewa, zikieleza waziwazi ni maneno gani yamekatazwa, kwa sababu gani, na adhabu yake ni ipi. Kanuni iliyoandikwa humlinda mwanafunzi dhidi ya hasira ya mwalimu, na humlinda mwalimu dhidi ya tuhuma za uonevu. Muhula mpya unapoanza na wazazi wanapoitwa mkutanoni, hilo ni jambo linaloweza kuwekwa katika ajenda bila ya kumsubiri jaji.